Biashara ni yetu sote wawili: tujaze ritani moja ya ushuru au mbili?

*Assalamu alaikum. Mimi na mume wangu twaishi Lamu. Nyumba yetu niliirithi kwa marehemu baba, na tumeifanya nyumba ya wageni, vyumba vitano. Mume wangu ana mashua, huwachukua wageni Manda Toto, Matondoni na Kipungani. Pesa zote huingia kwenye till moja ya M-Pesa iliyo kwa jina lake. Mwaka jana, kwa daftari langu, tuliuza kama milioni 3.6 na tukabakiwa na milioni 1.5 baada ya gharama. Vyumba vilileta milioni 2.2, faida 950,000. Mashua ilileta milioni 1.4, faida 550,000. Zamani tulipokuwa na vyumba viwili tu, kila mmoja wetu alijaza ritani ya sifuri. Safari hii kijana wa saiba (duka la intaneti) ameweka kila kitu kwenye PIN ya mume wangu, ile namba yake ya ushuru, na mtambo ukatoa ushuru wa 358,600. Tumesita, hatujatuma. Barazani wasema mume na mke ni mtu mmoja mbele ya KRA, mamlaka ya ushuru, hulipa pamoja ndipo wakapunguziwa. Binti yangu asema tufungue kampuni. Na kwenye fomu kuna mahali mume aulizwa kama ataka kutaja mapato ya mke. Kidini mali yangu ni yangu; kwa nini iingie kwa jina lake? Tufanyeje?*

Wa alaikum salaam, dada yangu. Nianze na hiyo 358,600, kwa sababu naona ndiyo iliyowatia hofu. Hesabu yenyewe ni sahihi. Mtu mmoja akiwa na faida ya milioni 1.5 kwa mwaka, 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, yaani 28,800. Shilingi 100,000 zinazofuata hutozwa asilimia 25, yaani 25,000. Zilizosalia, 1,112,000, hutozwa asilimia 30, nazo ni 333,600. Jumla 387,400. Ondoa nafuu ya kibinafsi ya 28,800 ambayo kila mkazi anayejaza ritani hupewa, zabaki 358,600. Kwa hivyo msimlaumu kijana kwa kujumlisha. Shida ni kwamba hakuuliza mambo mawili kabla hajaanza kujumlisha: mapato haya ni ya nani, na je, yaingie kwenye madaraja haya au kwenye ushuru wa mauzo ambao watu huuita TOT? Majibu ya maswali hayo mawili yanabadilisha kila kitu, na ndiyo nitakayokaa nayo kwa urefu.

La barazani kwanza. Waliosema hivyo hawakulitoa hewani. Sheria yetu ya Ushuru wa Mapato, sura ya 470, ina kifungu cha 45 ambacho kwa miaka mingi kilisema mapato ya mke anayeishi na mumewe yahesabiwe kuwa ni mapato ya mume. Mume ndiye aliyetajwa, mume ndiye aliyedaiwa. Baadaye mke akaruhusiwa kuchagua kujaza ritani yake mwenyewe. Lile swali mlilokutana nalo kwenye iTax, mtandao wa KRA wa kujazia ritani, la kama mume ataka kutaja mapato ya mkewe, ni masalio ya mpango huo. Halikulazimishi chochote. Mume akijibu hapana na wewe ukajaza yako kwa PIN yako, mambo yamekwisha.

Kilichopotoka barazani ni ile sehemu ya kupunguziwa. Nadhani imetoka kwa jamaa walio ng'ambo. Marekani wanandoa wanaweza kujaza fomu moja ya pamoja, na madaraja ya ushuru ya wanaojaza pamoja ni mapana zaidi, kwa hivyo wengi wao hunufaika. Kenya hakuna madaraja ya wanandoa. Ukiunganisha mapato ya watu wawili kwenye PIN moja, unapata daraja moja la asilimia 10 badala ya mawili, na nafuu moja ya 28,800 badala ya mbili. Kwa faida yenu ya milioni 1.5, kuunganisha kunawagharimu shilingi 91,400 zaidi ya mlivyostahili, na hampati chochote badala yake.

Ulilouliza kuhusu dini ni swali la haki kabisa. Katika uislamu mali ya mke ni yake, na kuolewa hakuihamishi kwenda kwa mume. Yeye ndiye mwenye wajibu wa kumtunza mkewe. Katiba ya 2010 nayo, ibara ya 45(3), inasema wanandoa wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakiwa katika ndoa na inapovunjika. Na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inamruhusu Mwislamu afuate sheria ya Kiislamu katika mambo ya mali ya ndoa. Kwa hivyo ukijaza ritani yako kwa jina lako, unafanya jambo ambalo dini yako, katiba yako na hesabu yako ya mfukoni vyote vinakubaliana nalo. Mara nyingi katika kazi hii navikuta vitu hivyo vitatu vikivutana. Kwako viko upande mmoja.

Haya, mapato ni ya nani? Nimesoma maelezo yako mara kadhaa, na naona umejijibu bila kujua. Nyumba uliirithi wewe. Mashua ni yake. Wewe ndiye unayeandika daftari la vyumba, na bila shaka ndiye unayesimamia shuka, maji na kifungua kinywa. Yeye ndiye anayekwenda baharini. Kinachowafanya muonekane biashara moja ni till moja ya M-Pesa na wageni walewale wanaolala kwako, asubuhi wakapanda kwake. Hiyo haitoshi kuwafanya wabia. Kwa mtazamo wangu nyinyi ni wafanyabiashara wawili mnaoshirikiana, na njia iliyo safi zaidi ni kila mmoja kuwa na biashara yake: nyumba ya wageni kwa jina lako na PIN yako, mashua kwa jina lake na PIN yake.

Tuipime kwa namba. Wewe na faida ya 950,000: madaraja mawili ya kwanza ni 53,800, zilizosalia 562,000 kwa asilimia 30 ni 168,600. Jumla 222,400, toa 28,800, zabaki 193,600. Yeye na faida ya 550,000: 53,800, kisha 162,000 kwa asilimia 30 ni 48,600. Jumla 102,400, toa 28,800, zabaki 73,600. Nyinyi wawili pamoja 267,200. Hata mngegawana nusu kwa nusu, 750,000 kila mmoja, jumla ingekuwa ileile, kwa sababu nyote wawili mngekuwa ndani ya daraja la asilimia 30. Nalisema hili kwa sababu wanandoa wengine huhangaika kutafuta mgawanyo wa kuwapunguzia ushuru, wakaandika vitu visivyokuwapo. Kwenu hakuna cha kutafuta. Ukweli wa nani ana nini tayari unawapa nafuu yote iliyopo.

Sasa TOT, na hapa ndipo pana pesa nyingi zaidi. Tangu Julai 2023, biashara ya mkazi yenye mauzo ya zaidi ya milioni 1 na yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka huingia kwenye ushuru wa mauzo ghafi wa asilimia 3. Hujazwa na kulipwa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na ndio ushuru wa mwisho kwa mapato hayo. Vyumba vyako, milioni 2.2, vingelipa 66,000. Mashua, milioni 1.4, ingelipa 42,000. Jumla 108,000 kwa mwaka. Linganisha na 358,600 ya saiba, au hata 267,200 ya kugawana. Na ujue kwamba biashara iliyo kwenye kiwango hicho haiombi kuingia TOT. Imo, isipokuwa mwenyewe amwandikie Kamishna kwamba hataki. Kwa hivyo fomu ile ya saiba imewaweka kwenye mpango ambao huenda hamkupaswa kuwa nao tangu mwanzo.

Lakini usikimbilie TOT kwa kuona udogo wa asilimia 3, kwa sababu inatoza mauzo. Haijali kama umepata faida. Ukitengeneza paa la makuti, ukipiga chokaa upya, injini ya mashua ikifa ukanunua nyingine, hakuna kinachopunguzwa. Na mauzo ni bei kamili anayolipa mgeni. Kama nafasi imekuja kupitia Airbnb au mtandao mwingine unaokata kamisheni yake kabla ya kukutumia, mauzo yako ni yale kabla ya kukatwa. Wengi huandika kilichoingia benki, kisha takwimu hazilingani na za mtandao. Zaidi ya hapo, kwenye TOT nafuu ile ya 28,800 haipo.

Kwenye madaraja ya kawaida, mtu mmoja mwenye faida ya 288,000 kwa mwaka halipi kitu, maana asilimia 10 yake ni 28,800 na nafuu inaifuta. Nyinyi wawili mna 576,000 za namna hiyo. Kwa mauzo yenu ya milioni 3.6, nimehesabu kwamba faida yenu ya pamoja, mkiigawana karibu sawa, ikishuka chini ya kama 970,000, madaraja ya kawaida yanakuwa nafuu kuliko TOT. Juu ya hapo TOT inashinda. Mwaka jana mlikuwa milioni 1.5, mko juu vizuri. Lakini ukiwa mwaka wa ukarabati mkubwa, au wageni wakikauka kama tulivyoona wakati wa korona, mambo yanageuka. Uzuri wa kuwa biashara mbili ni kwamba kila mmoja anaweza kuchagua kwa upande wake: wewe ubaki TOT, yeye mwenye gharama za mafuta na injini aandike barua ya kutoka. Wakati wa kuamua ni kabla ya mwaka kuanza, ukiwa na daftari mbele yako, si mwezi wa Juni.

Kuna jambo jingine ambalo wahasibu wa bara hawalioni upesi, nalo ni misimu yetu. Anayelipa kwa madaraja ya kawaida, kama ushuru wake wa mwaka unazidi 40,000, hutakiwa kulipa kwa awamu nne: 20 Aprili, 20 Juni, 20 Septemba na 20 Desemba. Salio la mwaka uliotangulia hudaiwa kufikia 30 Aprili. Tazama ratiba hiyo ukiwa Lamu. Aprili ni masika. Juni ni kusi imekaza, bahari imechafuka, mashua zimefungwa na hoteli nyingine zimefunga milango. Malipo mawili na salio huja wakati till haina kitu. TOT inafuata mauzo: Januari yenye wageni utalipa nyingi, Mei utalipa kidogo au utajaza kwamba hukuuza. Kwa biashara inayoishi kwa kaskazi, hilo ni jambo kubwa kuliko hata tofauti ya asilimia. Ukibaki madaraja ya kawaida, tenga pesa ya ushuru Desemba na Januari, uiweke mahali ambapo huwezi kuigusa kwa urahisi.

Mnaweza kusema, sisi twataka iwe yetu pamoja kweli, kwa maandishi. Hiyo ni ubia, na inawezekana. Mnasajili jina la biashara kwa majina yenu mawili kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, ubia unapata PIN yake, unajaza ritani yake ya kuonyesha mauzo, gharama na mgawanyo. Ubia wenyewe haulipi ushuru wa mapato. Kila mbia huchukua fungu lake, akaliweka kwenye ritani yake binafsi na kulilipia. Ndiyo maana hata kwenye ubia jibu la swali lako ni ritani mbili za watu, juu ya ile ya ubia. Kama mtakwenda njia hii mkiwaza TOT, nendeni KRA kwanza mpate jibu la maandishi jinsi ubia wenu utakavyoshughulikiwa, kwa sababu katika ushuru wa mapato sheria haiutazami ubia kama mtu anayejitegemea, na sitaki mjisajili halafu mvutane na afisa.

Hofu yangu kuhusu ubia haihusu ushuru hata kidogo. Inahusu nyumba ya baba yako. Mali inayoingizwa kwenye ubia inaweza kuhesabiwa kuwa mali ya ubia. Madeni ya ubia ni madeni ya wabia wote. Mashua inabeba watu. Ikitokea ajali, Mungu apishe mbali, na wabia wakadaiwa, nyumba yako itakuwa ndani ya madai. Na mbia akifariki, fungu lake laenda kwenye mirathi. Ikiwa mume ana mke mwingine au watoto wa ndoa nyingine, nao ni warithi wa fungu hilo. Nyumba uliyoirithi wewe huenda ikajikuta inagawanywa kwa watu ambao marehemu baba hakuwahi kuwajua. Silisemi hili kumshuku mumeo. Nalisema kwa sababu nimeona familia nzuri zikikaa mbele ya kadhi kwa ajili ya karatasi ambayo watu wawili walioaminiana hawakuiandika.

Kwa hivyo mkiamua ubia, mkataba uandikwe. Useme wazi kwamba nyumba inabaki yako na ubia unaikodi kwako kwa kodi inayotajwa. Kodi hiyo ubia utaiweka kwenye gharama, na wewe utaitaja kama mapato yako. Useme mgawanyo wa faida ni upi, kwa sababu bila mkataba sheria hugawanya sawa hata kama mmoja ndiye aliyeleta mtaji wote. Na kabla ya yote hayo, hakikisha hati ya nyumba inasemaje. Mji wetu wa kale una nyumba nyingi za wakfu, na nyingine ambazo ndugu walirithi pamoja lakini mirathi haikuwahi kumalizwa. Kama nyumba ni wakfu, huwezi kuiingiza kwenye ubia wala kampuni. Kama una ndugu ambao fungu lao bado limo, mapato ya vyumba si yako peke yako, na hilo linabadilisha hata ritani yako. Kwa hapo mtu wa kumwona ni kadhi, kabla ya mhasibu.

Kampuni, kwa ukubwa wenu wa sasa, siioni. Kampuni hulipa asilimia 30 ya faida yote, bila daraja la chini na bila nafuu. Milioni 1.5 inatoa 450,000, na mkigawana kilichobaki kama gawio, hukatwa asilimia 5 nyingine, 52,500. Mngeweza kujilipa mishahara ili kupunguza, lakini hapo mnaingia kwenye PAYE (ushuru wa mishahara), NSSF (mfuko wa uzeeni), bima ya afya ya SHIF na tozo ya nyumba kila mwezi. Kampuni ya ukubwa wenu inaweza pia kuwa ndani ya TOT, kwa hivyo binti yako hakukosea kabisa, na kampuni ina ulinzi mmoja wa kweli: deni lake kwa kawaida halikufuati nyumbani. Kwa mashua peke yake, ikiwa mtaongeza vyombo na mabaharia, wazo hilo lirudi mezani.

Kuna pia wanaouliza kama mume anaweza kumlipa mkewe mshahara akauita gharama. Akifanya kazi kweli, akalipwa kweli, na makato ya mwezi yakapelekwa, ni mshahara. Pesa ya matumizi ya nyumbani iliyoandikwa mshahara ni kitu kingine. Sheria inakataza waziwazi kupunguza ushuru kwa gharama za kujitunza mwenyewe na familia yako. Kwenu njia hii haina maana, kwa sababu wewe si mfanyakazi wake.

Mkikubali kuwa biashara mbili, basi ziwe mbili machoni pa kila mtu. Fungua till yako mwenyewe. Mgeni akilipa chumba na safari ya mashua kwa mpigo mmoja, aliyepokea amtumie mwenziwe sehemu yake siku hiyohiyo na aandike. Kila mmoja atoe ankara zake za eTIMS, yaani ankara za kielektroniki za KRA. Kwa biashara ndogo unaweza kuifanya kwa simu ya kawaida kupitia *222#. Kwa yule atakayebaki kwenye madaraja ya kawaida hili lina uzito zaidi, maana tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS inaweza kukataliwa. Mafuta ya boti, mbao za Matondoni, samaki wa kifungua kinywa: daini ankara, na mkijua muuzaji hana, muulizeni afisa njia ya mnunuzi kuitoa kwa niaba yake. Tunzeni karatasi miaka 5.

Nawaonya mkiwa bado wadogo: msigawanye biashara ili kukwepa VAT, ushuru wa ongezeko la thamani. Kizingiti chake ni milioni 5 kwa miezi 12. Nyumba na mashua ni vitu viwili tofauti vyenye wenyewe wawili, hapo mko sawa. Lakini siku mkiongeza vyumba vitano vingine, usiseme hivi vya juu ni vyangu na vya chini ni vya mume ili kila upande ubaki chini ya milioni 5. KRA ina uwezo wa kuutazama mpango kama huo na kuupuuza.

Yaliyopita nayo. Ritani ya sifuri maana yake ni kwamba sikupata kitu chochote mwaka huu. Wengi huifanya wakidhani maana yake ni sidaiwi kitu. Kama miaka ile ya vyumba viwili faida ya kila mmoja wenu ilikuwa chini ya 288,000 na mauzo hayakufika milioni 1, hamkuwa na ushuru wa kulipa, lakini ritani ilipaswa kuonyesha hayo mapato. Ritani inaweza kurekebishwa ndani ya miaka 5. Ni bora mrekebishe nyinyi kabla ya barua kuja, na kwa miaka ambayo ushuru haukuwepo, marekebisho hayaumi.

Mwaka jana ni mgumu zaidi, na hapa sitaki mfanye lolote kwa kusoma jibu langu peke yake. Mauzo yalivuka milioni 1, hakukuwa na barua ya kutoka TOT, na kila kitu kilipita till ya mume. Afisa anaweza kusema mlipaswa kujaza TOT kila mwezi. Kwa kuchelewa kuna faini ya 1,000 kwa kila ritani ya mwezi, asilimia 5 ya ushuru uliochelewa kulipwa, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Hata ukijumlisha zote, mko mbali sana chini ya 358,600. Lakini TOT lazima iwashwe kwenye PIN zenu, tarehe ya kuanzia iandikwe, na mkubaliane na afisa kwamba mapato ya vyumba ni yako ingawa yaliingia kwa mwenzio. Ushahidi wako ni hati ya nyumba, kibali cha biashara cha kaunti kikiwa kwa jina lako, na daftari hilo unaloliandika, ambalo ni la thamani kuliko unavyofikiri.

Msiitume ile fomu ya saiba. Lakini msikae kimya pia, kwa sababu 30 Juni ikipita bila ritani, kila mtu hupigwa faini ya 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, kile kilicho kikubwa, na hata aliye TOT ritani yake ya mwaka bado inasubiriwa ikiwa PIN yake ina wajibu wa ushuru wa mapato. Nendeni wote wawili, si mmoja, kwenye dawati la KRA katika kituo cha Huduma Lamu. Huduma hiyo ni bure. Mkitaka mtu wa kuwasimamia, tafuteni wakala wa ushuru aliyesajiliwa na KRA au mhasibu mwanachama wa ICPAK, chama cha wahasibu, mumuulize leseni yake kabla ya kumpa nywila ya iTax. Mbebe vitambulisho, PIN zote mbili, taarifa ya till ya miezi 12, taarifa za mitandao ya wageni, hati ya nyumba, karatasi za mashua na daftari. Na mkiwa hapo, ulizeni pia tozo ya utalii ya asilimia 2, kama vyumba vitano vyenu vinaguswa nayo, ili msije mkaijua kwa barua ya madai.

Kwa miezi inayobaki ya mwaka huu, till mpya kwa jina lako ndiyo kazi ya wiki hii. Mengine yote yanaweza kusubiri miadi.